Aondoke Nyumbani Akiwa na Miaka 16?



Imetufikia barua kutoka Ontario, nchini Kanada, iliyoandikwa na mume na mke wenye asili ya Unguja ambao hupelekewa gazeti hili na jamaa zao. Karatasi ni moja, ila miandiko ni miwili: nusu ya juu ni ya baba, nusu ya chini ni ya mama, na baina yao imeachwa nafasi ya mistari mitatu hivi, kana kwamba kila mmoja hakutaka maneno yake yaguswe na ya mwenzake. Kijana wao ana miaka 15. Anacheza mpira wa magongo wa barafuni, na wanaoujua mchezo huo wamewaambia kuwa kipaji alicho nacho si cha kawaida. Baba anataka aingie ligi kubwa za vijana mara tu atakapochaguliwa. Mama anataka asubiri, amalize shule, kisha achezee chuo kikuu nchini Marekani. Wanatutaka tuseme nani ana haki.

Tuliwaandikia kuomba ruhusa ya kulijibu swali lao mbele ya wasomaji bila ya kuwataja, nao wakaridhia. Tuliona ni vyema kufanya hivyo kwa kuwa swali hili tunalo na sisi huku, isipokuwa huku huja kwa jina la soka. Wazazi wangapi wamefika ofisi ya msikiti wakiuliza kama wamruhusu mtoto aache kidato cha tatu aende kwenye kituo cha vipaji katika mji mwingine? Barafu ni ya Kanada. Mvutano uliomo ndani ya nyumba ni wa kila mahali.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe. Mpira wa magongo wa uwanja wa kawaida wengi wetu tunaujua, na wazee watakumbuka kuwa timu ya Tanzania ilishiriki Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huu wa barafuni ni binamu yake mkali. Wachezaji 6 kila upande, golikipa akiwemo, huteleza kwa viatu vyenye wembe chini yake, wakigombea kipande cha mpira mgumu mfano wa kisahani, na kugongana vifua kumeruhusiwa. Afrika Mashariki nayo inaufahamu kidogo: hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua kiwanja kidogo cha barafu mwaka 2005, ikazaliwa hapo timu ya Kenya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Toronto na kuchezeshwa pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Lakini nchini Kanada mchezo huu ni zaidi ya mchezo. Mtoto mwenye kipaji hufuatiliwa na watu wazima wenye madaftari tangu akiwa na miaka 13 au 14.

Sasa njia mbili zenyewe. Njia ya baba ni ile ya ligi tatu zilizo chini ya jumuiya iitwayo CHL: ya Ontario, ya Magharibi, na ya Quebec pamoja na majimbo ya pwani ya mashariki. Zina takriban klabu 60 kwa jumla, na wachezaji wake wengi wana miaka 16 hadi 20. Mtoto hachagui klabu. Klabu ndizo humchagua yeye, kwa zamu, katika siku maalumu, akiwa na miaka baina ya 14 na 16 kutegemea ligi. Akichaguliwa na klabu iliyo umbali wa saa nane kwa gari kutoka kwao, huko ndiko alikopangiwa. Ligi ya Ontario humchezesha mechi 68 kwa msimu, kabla ya kuhesabu za mtoano. Kutoka katika ligi hizi wametoka Crosby, Connor McDavid na Connor Bedard, wote watatu wakiwa wamechaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, katika miaka ya 2005, 2015 na 2023.

Njia ya mama ni ya vyuo vikuu vya Marekani, chini ya jumuiya ya michezo ya vyuo, NCAA. Huko kijana huingia akiwa na miaka 18 au zaidi, mara nyingi baada ya kucheza ligi za vijana za daraja jingine. Mechi za msimu ni kama nusu ya zile za ligi ya Ontario, nyingi zikiwa Ijumaa na Jumamosi usiku, na siku zilizobaki ni za darasa, mazoezi na kujenga mwili. Anakutana na wanaume wa miaka 22 na 23, si watoto wenzake.

Kwa miongo mingi njia hizi mbili zilitenganishwa na ukuta. NCAA ilihesabu kuwa yeyote aliyechezea ligi za CHL ni mchezaji wa kulipwa, kwa kuwa wachezaji hupewa posho, na kwa kuwa baina yao wamo waliokwisha kutia saini mikataba na klabu za NHL. Aliyevuka ukuta hakurudi. Mwezi Agosti 2024 ilifunguliwa kesi katika mahakama ya Marekani kwa niaba ya kijana aliyedai kuwa haki yake ya kuchezea chuo ilipotea kwa sababu ya mechi mbili tu za kirafiki alizocheza na klabu ya Ontario akiwa na miaka 16. Fikirini: mechi mbili zisizo na pointi, na mtoto ambaye kisheria hawezi hata kupiga kura.

Ndiyo maana mabishano ya wazazi wa zamani yalikuwa makali, na yalikuwa na haki ya kuwa makali. Kijana wa miaka 15 aliulizwa swali la maisha yake yote. Wapo waliolijibu kwa ujasiri. Mwaka 1964 klabu ya Boston ilimchagua golikipa kijana aitwaye Ken Dryden, na haki zake zikahamishiwa Montreal. Yeye akaenda Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1969. Baadaye alitwaa Kombe la Stanley, ambalo ndilo kilele cha mchezo huo, mara 6 akiwa na Montreal, na katikati ya utukufu huo akaacha kucheza msimu mzima wa 1973-74 ili akamilishe mafunzo ya uwakili. Baada ya mchezo alikuwa mbunge, kisha waziri katika serikali ya Kanada. Alifariki Septemba 2025. Mama wa kijana wetu ameandika jina lake katika barua na kulipigia mstari.

Ila ukuta ule haupo tena. Tarehe 7 Novemba 2024 baraza la daraja la kwanza la NCAA lilipiga kura kuwaruhusu wachezaji wa CHL, na ruhusa ikaanza tarehe 1 Agosti 2025. Sharti ni kuwa asiwe amelipwa zaidi ya gharama zake za lazima wala kufungwa na mkataba wa NHL. Kabla ya tarehe hiyo kufika, mwezi Julai, Gavin McKenna, kijana wa Whitehorse kule Yukon aliyekuwa amekusanya alama 129 katika mechi 56 za msimu uliotangulia akiwa na klabu ya Medicine Hat, alitangaza kuwa anakwenda Chuo Kikuu cha Penn State. Kijana bora wa ligi za vijana aliondoka kwenda chuo, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma lisingewezekana.

Tumeisoma barua ya baba na ya mama mara kadhaa tukiwa na habari hizi mkononi, na tumeona kwamba wote wawili wanagombania ukuta uliokwisha bomolewa. Baba anaandika kana kwamba chuo kinamfungia mtoto ligi. Mama anaandika kana kwamba ligi inamfungia chuo. Kwa sheria za leo kijana anaweza kuchezea Ontario akiwa na miaka 17, na akiwa na miaka 19 akaketi katika darasa la chuo kikuu, na kucheza huko.

Hatusemi kwamba uamuzi umekuwa mwepesi. Bomoa ukuta, na watu watapita kwa wingi. Vyuo vyenye timu katika daraja la kwanza ni zaidi ya 60 kidogo, na katika vile vilivyojiunga na makubaliano ya mahakama yaliyoidhinishwa Juni 2025, timu haizidi wachezaji 26. Makubaliano hayohayo yanaviruhusu vyuo kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote ikijumuishwa. Basi nafasi ni chache, fedha zimeingia, na wagombea ni pamoja na vijana wa miaka 20 waliokomazwa na misimu mitatu au minne ya CHL. Mwalimu wa timu ya chuo akipewa kuchagua baina ya huyo na mtoto wa miaka 18 aliyebaki ligi ndogo ya karibu na kwao, tunaweza kukisia atamchagua nani. Hapo hoja ya baba ina uzito, na mama asiipuuze. Kungoja kuna gharama yake. Ila gharama hiyo si ile aliyoitaja baba, ya kwamba mtoto "atasahaulika." Klabu ya Ontario iliyomchagua hubaki na haki zake, asipokwenda mwaka huu, mlango haufungwi siku hiyo.

Na mama naye kuna jambo ambalo hakuliona, na hili ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu huu. Ameandika: "Bora akae nyumbani, kisha aende chuo." Lakini wengi wanaoelekea chuo hawakai nyumbani. Ligi kubwa ya vijana ya Marekani, USHL, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyolisha timu za vyuo, nayo huwapeleka watoto wa miaka 16 na 17 katika miji ya mbali. Wengine huingia shule za bweni. Macklin Celebrini, aliyechaguliwa wa kwanza kuingia NHL mwaka 2024 baada ya msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Boston, ni mtoto wa upande wa Vancouver aliyepitia klabu ya Chicago kabla ya chuo. Kwa maneno mengine, wazazi hawa wanabishana juu ya mahali atakapokuwa kijana wao akiwa na miaka 19, na wakati huohuo, bila ya kujua, wote wawili wamekwisha kubali aondoke akiwa na miaka 16. Mwaka ambao haujajadiliwa katika barua ile ni mwaka ujao.

Hebu tuuangalie mwaka huo. Mchezaji wa ligi za vijana anayetoka mbali huwekwa katika nyumba ya familia mwenyeji, yaani watu wa mji ule wanaojitolea kumpa chumba na chakula huku klabu ikiwapa fedha kidogo za kuwasaidia. Wengi wao, tunavyosimuliwa, ni watu wema mno. Wapo wachezaji wazee ambao hadi leo huwaita "mama" wale waliowalea huko. Lakini ni nyumba ya watu wengine, yenye desturi zake. Jikoni mwao hapana kawaida ya kuuliza nyama imechinjwa vipi. Pombe huenda ikawa katika friji ileile yenye maziwa. Hakuna wa kumwamsha Alfajiri, na wakati wa baridi kule Kanada Alfajiri na safari ya shule hukaribiana. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, ambapo msimu wa ligi unafika mwisho na mechi za mtoano zinakaribia. Mtoto atafunga akiwa ndani ya basi, atafuturu kwa kile kilichonunuliwa kituo cha mafuta. Yote haya yanawezekana kufanywa vizuri. Hayafanyiki yenyewe.

Yapo pia mambo mazito zaidi ambayo hatuwezi kuyaruka kwa adabu. Mwaka 2020 wachezaji wa zamani walifungua kesi nchini Kanada wakidai kuwa katika ligi hizi wachezaji wapya walifanyiwa udhalilishaji na wakubwa wao kwa jina la kuwakaribisha. Na barabara za baridi zina hatari yake: Aprili 2018 basi la timu ya vijana ya Humboldt, katika jimbo la Saskatchewan, liligongana na lori, wakafa watu 16. Timu ile ilikuwa ya daraja lile ambalo vijana wengi hupitia ili kuelekea vyuoni. Hatari haikubagua njia ya baba na njia ya mama.

Ipo mifano ya Waislamu katika jambo hili, nasi tungependa familia iitazame bila ya pupa. Nazem Kadri alizaliwa London, ile ya Ontario, mwaka 1990, katika familia iliyotoka Lebanoni. Alipita njia ya ligi za vijana: kwanza Kitchener, mji ulio kama saa moja na ushei kwa gari kutoka kwao, kisha klabu ya London yenyewe, nyumbani kabisa. Mwaka 2009 Toronto ilimchagua wa 7. Mwaka 2022, akiwa na Colorado, alitwaa Kombe la Stanley, akawa Muislamu wa kwanza ambaye jina lake limechongwa juu yake, na mwezi Agosti mwaka huo akalipeleka kombe hilo katika Msikiti wa Waislamu wa London. Picha za watoto wakilizunguka zilienea duniani. Baba wa kijana wetu alikuwepo siku ile. Ameandika kuwa alimbeba mwanawe begani ili aone. Tunaielewa furaha yake, na tunaelewa pia kuwa furaha hiyo ndiyo iliyoandika nusu ya barua.

Katika timu hiyohiyo ya Colorado alikuwemo beki Cale Makar, aliyetoka Calgary. Yeye klabu ya Medicine Hat ilimchagua akiwa mdogo, asiende. Akabaki Alberta, akachezea Brooks, mji usiofika kilomita 200 kutoka kwao, kisha Chuo Kikuu cha Massachusetts, ambako mwaka 2019 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Mwaka 2022 yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mtoano. Kadri na Makar walinyanyua kombe moja usiku mmoja. Kilicho sawa baina ya vijana hawa wawili, ukiitoa bahati na kipaji, ni kwamba miaka yao ya kwanza ya kuondoka hawakuondoka mbali.

Na ili tusiwahadae kwa habari za waliofika tu, tumtaje Nail Yakupov, Mtatari wa Urusi na Muislamu, aliyevuka bahari kuja kuchezea Sarnia katika ligi ya Ontario. Mwaka 2012 alichaguliwa wa kwanza kuliko vijana wote wa dunia. Baada ya mechi 350 za NHL, mwaka 2018, akiwa na miaka 24, akarudi kwao kucheza ligi ya Urusi. Huyo ni namba moja. Kila mwaka klabu 32 za NHL huchagua majina 224 kutoka nchi zote, na wengi wa hao 224 hawachezi huko hata msimu mmoja mzima.

Kwa hiyo rai yetu ni hii, nayo ni rai tu ya watu waliolitazama jambo kwa mbali. Mwaka ujao asiende mbali. Akichaguliwa na klabu iliyo ndani ya mwendo ambao baba anaweza kuuendesha akatazame mechi na kurudi usiku uleule, waende wakaione nyumba ya wenyeji, wakae nao, wale nao, waulize waziwazi juu ya chakula, sala na pombe, na waangalie kama kuna msikiti au hata familia moja ya Kiislamu katika mji ule. Wakiridhika, aende, na mama atupilie mbali ile hofu ya kuwa amekipoteza chuo. Akichaguliwa na klabu ya mbali, abaki. Ontario ina ligi ya vijana ya daraja la chini yenye klabu nyingi kuizunguka Toronto. Acheze huko mwaka mmoja, alale kitandani kwake, na jambo lifunguliwe upya akiwa na miaka 17. Huyu ni mtoto atakayekuwa ameongeza mwaka mmoja wa akili, na katika umri ule mwaka mmoja ni mwingi.

Tuna neno jingine juu ya shule. Wazazi wamebishana kuhusu chuo bila ya kutuambia chochote juu ya alama za kijana darasani. Sheria ya NCAA inadai masomo 16 ya msingi katika miaka minne ya sekondari, yakiwemo ya lugha, hisabati na sayansi, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, tena kwa wastani usio chini ya kiwango kilichowekwa. Hii ina maana kuwa mlango wa chuo uliofunguliwa na baraza la vyuo unaweza kufungwa na mwalimu wa hisabati wa kidato cha kwanza. Ukitaka kujua kama familia ina nia ya kweli na chuo, usitazame barua. Tazama ratiba ya masomo ya nusu muhula huu. Hili linaihusu njia ya baba sawasawa na ya mama, na lingefaa kufanyika wiki hii, kabla ya klabu yoyote kupiga simu.

Katika barua ile, tukitafuta vizuri, hatukuona hata sentensi moja ya kijana mwenyewe. Dini yetu imetufundisha shura, na kijana wa miaka 15 aliyekwisha baleghe, anayesali na kufunga, ana nafasi katika shura ya nyumba yake. Aulizwe peke yake, si mezani mbele ya wajomba: unaogopa nini? Mara nyingi mtoto mwenye kipaji husema ndiyo kwa kila kitu, kwa kuwa tangu akiwa mdogo ameona nyuso za wakubwa zikinawiri anaposema hivyo. Afundishwe pia sala ya istikhara, aisali mwenyewe.

Mwisho ni karatasi. Klabu za CHL huahidi ufadhili: kwa kila msimu aliocheza, mwaka mmoja wa ada, vitabu na michango ya lazima katika chuo, na wengi wa waliomaliza huutumia katika vyuo vikuu vya Kanada ambako pia wanaendelea kucheza. Ni ahadi nzuri, na imewasomesha wengi. Ina masharti: kuna muda wa kuanza kuitumia baada ya kuacha ligi, na kutia saini mkataba wa kulipwa kunaweza kuiondoa. Upande wa Marekani nako, vyuo vya kundi la Ivy, Cornell ikiwemo, havitoi ufadhili kwa ajili ya mchezo bali kwa uhitaji wa familia; na Mkanada mwenye viza ya mwanafunzi hana uhuru wa kupokea kila malipo anayopewa mwenzake Mmarekani. Basi kabla ya saini yoyote, mkataba na usomwe na wakili asiyelipwa na klabu wala na wakala, na wazazi wote wawili wawepo chumbani. Yaulizwe mambo manne na majibu yaandikwe: ufadhili unaisha lini, unapotezwa na nini, akiumia goti msimu wa kwanza nani anagharamia matibabu na masomo, na kama akitaka kurudi nyumbani mwezi wa pili, anarudi vipi na nani anapigiwa simu.